Saa 10 Iwe Saa 10: Nani Anaziingiza Mechi za Mchangani Buhongwa Gizani?

Bango linasema mechi ni saa 9:00 alasiri KAMILI. Hilo "kamili" limeandikwa kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari, na pembeni kuna picha ya kombe na mbuzi wa zawadi.

Saa 9 inafika. Uwanjani kuna muuza miwa, watoto wanaocheza chandimu na kipa mmoja anayepiga danadana peke yake. Saa 10 ndiyo nyavu zinafungwa golini. Saa 10 na nusu refa anauliza posho yake iko kwa nani, kila kiongozi anamnyooshea kidole mwenzake. Saa 11 kasoro timu moja ina wachezaji wanane na mwingine yuko njiani kwenye boda, anasema "nipo hapo Mkolani" huku kelele za nyuma yake ni za mjini kabisa. Saa 11 na robo ndiyo mpira unaanza.

Wadau wa Buhongwa, Mkolani, Nyegezi mpaka Igoma, sinema hii mmeiona mara ngapi?

Mwisho wake unajulikana. Dakika ya 80 namba za jezi hazisomeki. Mshika kibendera anaamua kwa kusikilizia mashabiki. Goli likiingia, nusu ya uwanja inashangilia na nusu nyingine inauliza "limeingia?" Halafu ikitokea sare, penalti zinapigwa kwa tochi za simu na taa za bajaji mbili zilizogeuzwa zielekee golini. Watu wanarekodi, wanaposti, wanaandika "mzuka wa kitaa". Kipa anayepigiwa mwanga wa bajaji machoni hana mzuka wowote.

Ukiuliza nani anachelewesha, majibu ni mengi. Usafiri, posho, jezi ziko kwa fundi. Lakini ukikaa uwanjani muda mrefu unagundua kuna mtu mmoja anayesubiriwa kila mara, na wote wanajua ni nani hata kama hatajwi: bosi. Yule aliyetoa jezi na mbuzi. Mara ni mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mara ni kijana aliyetusua akarudi kitaa na gari nyeusi, mara ni msanii aliyelipwa aje "kusalimia tu". Timu zimeshapasha misuli mara mbili, jasho limekauka, MC ameshasalimia "mwadila" mara tano, na gari halijaonekana. Huwezi kuanza, kwa sababu bosi hajapita kukagua timu na kupeana mikono na wachezaji mmoja mmoja, na lazima picha ipigwe.

Bosi akifika saa 11 kasoro kumi, anashuka na miwani ya jua. Jua lenyewe linakaribia kuondoka.

Hapa watu wengi huishia kulaumu "saa za Kibongo" na kucheka. Si sawa. Mtu yuleyule anayefika uwanjani amechelewa saa nzima, kesho yake alfajiri yuko stendi ya Nyegezi dakika 20 kabla basi halijaondoka, kwa sababu anajua basi halimsubiri. Mwanza haina tatizo la kusoma saa. Mechi za mchangani zimefundisha watu kwamba kuwahi ni kujipotezea muda, na watu wamejifunza vizuri sana.

Sasa tuje kwenye jua, kwa sababu ndilo lenye uamuzi wa mwisho, na jua la Mwanza lina tabia zake ambazo waandaaji wengi hawazihesabu.

Tanzania nzima inatumia saa moja. Saa hiyo imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali kabisa, hata pwani yetu haujaigusa. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39 na kitu. Mwanza ipo kama nyuzi 33. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Piga hesabu: jua linafika Mwanza likiwa limechelewa kama dakika 25 baada ya kupita Dar. Wanaofunga Ramadhani hawahitaji ramani kuelewa hili. Dar wameshashika tende na uji, wanatuma picha kwenye makundi ya familia, Mwanza bado wanaangalia ukuta.

Maana yake uwanjani ni mbili. Ya kwanza ni zawadi: jioni ya Mwanza ni ndefu kuliko ya Dar. Mwanzoni mwa Novemba, ambapo jua linawahi kuzama kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, Mwanza linazama kama saa 12:37. Februari linasogea mpaka saa 1 na dakika chache. Kwa watu wa pwani hiyo ni anasa.

Ya pili ni adhabu: mchana nao umesogea. Jua la utosi la Mwanza haliji saa 6, linakuja karibu saa 7 kasoro robo, na Februari linafika saa 7 kabisa. Kwa hiyo mechi ya saa 8 mchana Buhongwa inachezwa kwenye jua ambalo mtu wa Dar angelipata saa 7 na nusu. Ukichukua ratiba ya ndondo ya Dar ukaibandika Mwanza bila kubadili kitu, umewachoma wachezaji wa mechi ya kwanza na umeacha mwanga wa bure jioni. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu ya kichwa kabisa. Miezi hiyo saa 8 uwanjani kivuli cha mtu hakitoshi kumfunika paka.

Kuna watakaosema mbona Mwanza kuna upepo wa ziwa na tupo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kweli, joto letu si la Dar. Lakini jua kali si lazima liwe na jasho la pwani ndipo limuangushe mtu. Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Mexico walicheza Fortaleza, Brazil, mji ulio karibu na mstari wa ikweta kama ulivyo mji wetu. Mechi ilianza saa 7 mchana, refa akalazimika kuisimamisha ili wachezaji wanywe maji. Wale walikuwa na madaktari, barafu na wataalamu wa lishe. Wa Buhongwa wana ndoo moja na kikombe kimoja cha plastiki.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo halisemwi kabisa kwenye mabango. Mechi ya saa 8 mchana wanapewa nani?

Wanapewa wasichana. Ikiwa siku ina mechi mbili, ya dada zao inaitwa "ya utangulizi", inawekwa jua likiwa kali zaidi, inachezwa mbele ya muuza miwa na watoto, tena ikizidisha dakika inakatizwa kwa sababu "timu zenyewe" zinataka kupasha. Siku ambayo waandaaji wamechelewa, mechi inayofutwa ni hiyohiyo. Wakati huohuo watu walewale Julai 2025 walikuwa wamejaza status zao na bendera, wakiishangilia Twiga Stars iliyokwenda Morocco kwenye fainali za Afrika kwa wanawake. Wale wachezaji wanafikiriwa walitoka wapi? Walianzia kwenye viwanja kama hivi.

Kuna binti mmoja wa pembe ile ya kwenda Igoma, winga wa kulia, anajulikana kwa mbio zake, mashabiki wamempa jina la winga mkubwa wa kiume wa Ulaya. Anasuka nywele kwa kazi. Ili acheze saa 8 Jumamosi anafunga biashara saa 6, saa ambayo wateja ndiyo wanaanza kuingia. Akicheza saa 10 angekuwa amesuka vichwa viwili. Hakuna aliyewahi kumuuliza, maana ratiba inapangwa na wanaume wanne kwenye kijiwe cha kahawa.

Kwa nini isiwe zamu? Jumamosi hii wasichana saa 10, wavulana wao watangulie. Jumamosi ijayo mbadilishane. Wavulana wakionja jua la saa 8 mara mbili tu, itashangaza jinsi mkutano wa kubadili ratiba utakavyoitishwa haraka.

Upande wa pili una hoja yake na ni haki kuisikia. Wapo wanaotaka mechi ianze saa 11 kabisa, bila uongo wa saa 9 kwenye bango. Wanasema wachezaji wa mchangani ni watu wa mishe. Beki anabeba mizigo Mwaloni kule Kirumba, kiungo ni fundi rangi, straika anaendesha boda ya mtu na lazima apeleke hesabu. Buhongwa ni zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji, na daladala za jioni kwenye barabara ya Shinyanga zinajulikana zinavyobanana. Ukisema saa 10, unawafungia nje hao.

Ni hoja nzito, ila ukiifuata mpaka mwisho inajigeuza. Mtu wa boda pesa yake kubwa ya jioni inaanza saa 11 watu wakitoka kazini, inapanda mpaka saa 2 usiku. Mechi inayoanza saa 10 kamili inaisha saa 12 kasoro dakika kumi: dakika 90, mapumziko 15, na zile chache za nyongeza. Anavua jezi, anavaa koti, anawahi abiria. Mechi inayoanza saa 11 na robo inamtoa saa 1 na dakika tano usiku, abiria wameshafika kwao. Huo muda unaoitwa wa kumsaidia ndio unaomla. Anayesaidika kweli na saa 11 ni mwenye kazi ya ofisini, na hao kwenye vikosi vya mchangani ni wachache. Wengi wao wapo pembeni wakitoa maelekezo.

Mama anayekaanga mihogo na samaki pale nyuma ya goli, yeye hoja yake ni tofauti na ni ya kweli. Watu wakisubiri wanakula. Mechi ikichelewa saa mbili, karai linaisha. Lakini muulizeni pia kuhusu giza: wanaokula "nitalipa mechi ikiisha" halafu mpira unaishia kwenye vurugu ya tochi, kila mtu anakimbilia njia yake. Halafu anabaki na meza, makaa na beseni kichwani, avuke barabara kuu usiku, mabasi na malori ya Shinyanga yakipita kama yanafukuzwa.

Barabara hiyo ndiyo inayotakiwa kuwatisha waandaaji kuliko mashabiki wenye hasira. Watoto wanaotoka kuangalia mechi wanavuka makundi kwa makundi, boda zimepakia wanne, hakuna anayemuona mwenzake. Mpaka sasa wanaoratibu haya mashindano wamekuwa na bahati. Bahati si ratiba.

Kisingizio kingine kilichokuwa kizuri sana kimekufa. Zamani timu ikitoka Sengerema kuja kwenye bonanza upande huu, ilikuwa inasema "tulikwama kivukoni" na hakuna wa kubisha, maana foleni ya Kigongo na Busisi kila mtu aliijua. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hivi juu ya maji, unavuka kabla wimbo mmoja haujaisha. Wa Sengerema sasa wanafika kabla ya wenyeji. Aibu imehamia Buhongwa.

Kuna hili la Ulaya pia, msijifanye hamlijui. Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya England huanza saa 9 alasiri kwa saa ya kwao. Kwetu inakuwa saa 11 jioni, na wao wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa 12. Mechi ya mchangani ikianza saa 11 na robo mwezi Septemba, nusu ya mashabiki wameshaingia kibanda umiza, na wachezaji wawili wa akiba wanaulizia matokeo simuni badala ya kupasha. Ukianza saa 10 kamili, mpira wako unaisha na kibandani wanakuta kipindi cha pili. Baada ya Oktoba wanawahi hata mwanzo. Kwa Simba na Yanga hakuna ujanja, siku hiyo panga Jumapili. Jumapili yenyewe ina faida: makanisa mengi yametoka kufikia saa 8, na Wasabato, ambao Mwanza si wachache, hawalazimiki kuchagua kati ya ibada na fainali ya Jumamosi.

Wenzetu wa kriketi walishapitia vita hii kabla yetu. Ule ni mchezo unaoweza kula siku nzima, hata siku tano, na mwanga ukififia waamuzi wana kifaa cha kuupima na mamlaka ya kuwatoa watu uwanjani. Mwaka 2003 Waingereza walianzisha kriketi fupi ya mizunguko 20 kwa kila timu, ya kama saa tatu hivi, wakaipanga jioni ili mtu atoke kazini aende uwanjani. Watu wakajaa. Mwaka 2015 Australia na New Zealand wakacheza Adelaide mechi ya kwanza ya siku tano iliyoingia usiku chini ya taa, na mpira ukabadilishwa rangi ukawa wa pinki ili uonekane. Walikubali jambo ambalo kijiwe cha kahawa kinalikataa: muda ukibadilika, mchezo nao ubadilishwe uendane na muda. Huwezi kubaki na dakika 90, ukaanza saa 11 na robo, bila taa, na mpira uliochakaa wenye rangi ya udongo.

Na soka lenyewe linaruhusu. Sheria namba 7 inasema vipindi ni dakika 45 kwa 45, lakini vinaweza kupunguzwa iwapo refa na timu zote mbili wamekubaliana kabla mechi haijaanza na kanuni za mashindano zinaruhusu. Miaka ya nyuma kitabu cha sheria kilitoa mpaka mfano wa mwanga hafifu, kupunguza kila kipindi mpaka dakika 40. Neno la kushika hapo ni "kabla". Kinachofanyika mchangani ni kinyume: mpira unaanza kwa dakika 45, giza likiingia refa anapuliza dakika ya 32 ya kipindi cha pili, timu inayofungwa inamzunguka, viatu vinaruka. Yule refa mzee anayependwa Mkolani na Buhongwa, mwenye filimbi ya kamba nyekundu, ameshakimbizwa kwa jambo hili akiwa ndiye mtu pekee uwanjani aliyefika kwa wakati.

Kwa hiyo ratiba yenyewe iwe hivi. Mechi kubwa saa 10:00, bango liandikwe saa 10:00, na asiwepo wa kuandika saa 9 kwa kuwatega watu. Robo saa ya kungoja, basi. Timu ambayo haina wachezaji saba saa 10 na robo imepoteza mechi, hata kama ni timu ya mwenye mbuzi. Ikiwa waandaaji wenyewe wamekwama, mpaka saa 10 na nusu bado inafaa kwa dakika 90 hata Novemba. Ikipita hapo, manahodha wanaitwa na kukubaliana dakika 35 kwa 35, wanatangaziwa mashabiki kwenye spika kabla ya filimbi. Baada ya saa 11 na robo hakuna mechi, watu wanapiga mziki tu.

Mechi ya kwanza, ya zamu, isiwekwe kabla ya saa 8 na nusu, na iwe dakika 30 kwa 30 yenye kusimama kunywa maji. Wale maveterani wa vitambi wao wameshajipatia jibu zamani: asubuhi. Wanaingia uwanjani saa 1 na nusu, saa 3 na kitu wameshamaliza, supu inawasubiri. Vijana wanawacheka, lakini hakuna veterani aliyepigiwa penalti na taa ya bajaji.

Na bosi? Bosi hana ubaya, jezi zake ni nzuri na mbuzi wake ni mnono. Afike muda anaotaka. Akikuta mpira umeanza, apewe kiti cha mbele, maji ya baridi na mwavuli. Wachezaji atawasalimia wakati wa mapumziko, ambayo ni dakika 15, na mpiga picha aambiwe mapema asimame upande ambao jua halitamwingia bosi machoni.